Baiskeli: Anza na tambarare, mlima utakungoja

Likizo ya Desemba inapofika, wenyeji wa Mbumbuni wanaofanya kazi Nairobi na Mombasa hurejea nyumbani Makueni. Siku hizi si ajabu kumwona mmoja wao ameshuka na baiskeli ya milimani, ile ya tairi nene na gia nyingi, akiwa ameazimia kupunguza kitambi. Asubuhi ya kwanza anaelekea milima ya Mbooni. Kabla ya saa mbili amekwisha rudi akiisukuma, magoti yanamuuma na moyo unamdunda kama ngoma. Baiskeli inaegemezwa ukutani, na hapo ndipo inapozeekea.

Ndugu msomaji, kosa la mtu huyu si kununua baiskeli. Kosa lake ni kudhani kwamba mazoezi yasiyotesa si mazoezi. Kwa maoni yangu kama daktari, mtu wa mjini aliyepita umri wa miaka 40, anayeshinda ofisini na kwenye matatu, hahitaji mlima. Anahitaji njia tambarare, mwendo wa pole na siku nyingi.

Ninayasema haya kwa sababu maradhi yanayotukabili si ya mzaha. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya kila wanne nchini Kenya, wenye umri wa miaka 18 hadi 69, alikuwa na shinikizo la juu la damu. Zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Shinikizo la damu halipigi hodi. Wengi hulijua siku ambayo upande mmoja wa mwili umepooza.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri kila mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila juma. Neno la kuzingatia hapo ni "wastani". Ukiendesha baiskeli kwenye tambarare kwa nusu saa, bila haraka, utakwenda kilomita sita au saba. Fanya hivyo siku tano na umetimiza dakika 150. Kipimo chake ni rahisi: ukiwa juu ya baiskeli uweze kuzungumza na mwenzako bila kukatika pumzi, lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo kidogo. Ukishindwa kuzungumza, punguza.

Mlima ni habari nyingine. Mteremko mkali huutaka moyo ufanye kazi zaidi kuliko tambarare, tena kwa ghafla. Moyo uliozoea kiti cha ofisi ukishtushwa namna hiyo, hatari ya kupatwa na mshtuko wa moyo huongezeka. Anayefanya mazoezi mara kwa mara hatari hiyo humpungukia. Kwa hivyo anayeanza na mlima ameanzia mwisho. Mwenda pole hajikwai.

Mtu wa Mbumbuni ana bahati ya kuchagua. Upande mmoja kuna milima ya Mbooni. Upande wa pili ardhi inateremka kuelekea Kalawa na mto Athi, kwenye nyika iliyo wazi zaidi. Ushauri wangu ni huu: asubuhi za mwanzo tafuta barabara ya vumbi isiyo na mwinuko mkubwa, hata ikiwa ni kilomita mbili tu, uiendee na kuirudia. Usikubali kuteremka mbali kwa furaha, kwani kila mteremko wa kwenda ni mlima wa kurudi, na jua la Ukambani la saa nne halina huruma. Toka alfajiri, na ubebe maji.

Wengine watauliza, kama ni tambarare, baiskeli ya milimani ya nini? Ni kweli kwamba aina hii ilianzia milimani, huko California nchini Marekani, katika miaka ya 1970. Lakini tairi zake nene hazizami upesi mchangani na hupunguza mtikisiko unaopanda hadi kiunoni, na zile gia zake nyepesi huyapumzisha magoti. Tena uzito wa mwili hukaliwa na kiti, haubebwi na magoti kama mtu anapokimbia. Ndiyo maana mnene anayeumwa na magoti huweza kuendesha baiskeli pale ambapo kukimbia kumemshinda. Ila kiti kiwekwe kimo kinachofaa: kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Kiti kikiwa chini mno, goti litauma upande wa mbele. Na kwa kuwa njia zetu zimejaa miiba ya migunga, usitoke bila pampu na vifaa vya kuziba pancha.

Msomaji wa Mombasa, Kilifi au Malindi hana udhuru hata kidogo, maana tambarare ipo mlangoni pake. Msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, una njia za mchanga zisizo na milima ambamo wageni huendesha baiskeli. Ufuo nao hukauka na kuwa mgumu maji yanapokupwa. Jambo la kukumbuka ni kwamba pwani mlima ni upepo. Wakati wa kaskazi au kusi, anza safari ukiukabili upepo ungali na nguvu, ili ukusukume ukirudi umechoka. Ukifika nyumbani osha mnyororo kwa maji matamu, kwani chumvi huula.

Ziko pia tambarare za mifereji, kama mashamba ya mpunga ya Mwea huko Kirinyaga. Kingo za mifereji zina njia nzuri kwa baiskeli, lakini hapa nina onyo. Maji ya mifereji hiyo hukaa konokono wanaoeneza kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi hata isiyo na jeraha. Usioshe miguu humo, usinawe uso, wala usiingie kuogelea kwa sababu ya joto. Aliyekwisha kuingia aende hospitalini akapimwe. Dawa ipo, nayo hufanya kazi vizuri.

Kabla ya kupanda baiskeli, wako wanaopaswa kumwona daktari kwanza. Nao ni wenye ugonjwa wa moyo, wanaobanwa na kifua wakipanda ngazi, na wanaozimia zimia. Ukipimwa shinikizo la damu ukapatikana na 180 kwa 110 au zaidi, matibabu kwanza, baiskeli baadaye. Mwenye kisukari anayetumia insulini, au vidonge vinavyoweza kuiteremsha sukari ghafla, abebe peremende au glukosi mfukoni, na akague nyayo zake akirudi. Na yeyote atakayesikia maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi au kupanda tayani, ashuke papo hapo na atafute msaada. Asijikaze kiume.

Nijuavyo mimi, kinachowazuia wengi si moyo wala magoti. Ni haya. Mtu aliyesoma akapata gari huona baiskeli ni ya maskini, ya muuza maziwa na muuza mkate. Tunasahau kwamba bodaboda yenyewe ilianza kama baiskeli, katika miaka ya 1960 huko Busia, ikivusha watu na mizigo mpakani. Leo bodaboda ni pikipiki, na kijana anapandishwa pikipiki kwenda dukani mwendo wa dakika kumi. Wazazi wetu waliokwenda sokoni kwa baiskeli hawakuiita mazoezi, lakini miili yao iliyapata. Sisi tumeendelea kula chakula kile kile, tena chenye mafuta na sukari zaidi, tukaiacha kazi iliyokuwa ikikiunguza.

Kizuizi cha pili ni cha haki kabisa, nacho ni hofu ya barabara. Siwezi kumshauri mgonjwa wangu aendeshe baiskeli kwenye barabara kuu ya Mombasa kati ya malori, halafu nijiite daktari. Wengi hutaja Uholanzi, nchi tambarare ya mifereji yenye baiskeli nyingi kuliko watu, wakidhani wenyeji walizaliwa hivyo. Sivyo. Mwaka 1971 magari yaliua zaidi ya watu 3,000 nchini humo, wakiwemo zaidi ya watoto 400. Wazazi waliandamana wakidai mauaji ya watoto yakome, na bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 serikali ikapata sababu nyingine ya kuwasikiliza. Njia za baiskeli zilijengwa kwa sababu wananchi walizidai.

Nasi tunazo ahadi za kudai. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri wa miguu na baiskeli, ikiahidi asilimia 20 ya fedha za barabara kwa kazi hiyo. Sera ya karatasi haimkingi mtu na lori. Njia ya baiskeli iliyogeuzwa kituo cha matatu au kibanda cha mitumba ni sawa na dawa iliyoandikwa isinunuliwe. Tuwaulize waliotuomba kura, Nairobi na Makueni pia, kwa sababu shilingi isiyotumiwa kujenga njia tutaitumia mara nyingi kununua dawa za shinikizo maisha yetu yote.

Huku tukingoja, anza pale penye usalama. Wa Nairobi ana msitu wa Karura, ambako baiskeli hukodishwa na magari hayasumbui. Wa pwani ana ufuo. Wa Mbumbuni ana barabara ya vumbi kabla jua halijawaka. Vaa kofia ngumu na nguo zinazoonekana. Fanya nusu saa, siku tano, kwa miezi mitatu, kisha rudi kwa daktari ukapimwe tena shinikizo na uzito. Anayekunywa dawa asiziache kwa sababu amenunua baiskeli. Ni daktari wake atakayeamua kama zipunguzwe.

Baada ya hapo, ukitaka kuipanda Mbooni, ipande. Milima ile ilikuwapo kabla yetu, nayo haina haraka.