Wafundishwe Njia Kabla ya Kidato cha Kwanza

Mtihani wa darasa la saba humalizika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati hapo mtoto wa Uyui, Sikonge au Kaliua, mkoani Tabora, ana zaidi ya miezi mitatu ya kukaa nyumbani. Mzazi mwenye uwezo humtafutia mwalimu wa Kiingereza na hisabati; asiye nacho huhangaikia sare na godoro. Ni wachache wanaokaa naye wakamweleza njia atakayopita alfajiri ina nini, chumba atakachopanga kina majirani gani, na akiguswa asivyotaka amwambie nani. Naamini somo hilo ndilo linalopaswa kutangulia, kwa sababu mtoto aliyeumizwa njiani hafiki kwenye hisabati.

Ushahidi upo. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, karibu wasichana 3 kati ya 10 wa miaka 13 hadi 24 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana alikuwa karibu 1 kati ya 7. Karibu nusu ya wasichana hao walisema ulitokea katika nyumba ya mtu, na karibu robo walitaja njia ya kwenda au kutoka shuleni. Tunawatisha watoto kwa pori na majambazi, kumbe wanaumia mahali tunapowatuma wenyewe kila siku. Utafiti wa afya ya uzazi wa 2015/16 nao ulionyesha kuwa mkoani Tabora asilimia 43 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa wajawazito, wakati wastani wa taifa ulikuwa 27. Si wote walikuwa wanafunzi, na baadhi walikuwa wameolewa, lakini hilo ndilo rika la sekondari.

Shule za kata zimesogeza elimu karibu, ila kata za Tabora ni pana. Aliyesoma msingi kitongojini sasa anatembea kilomita kadhaa, au anapangishiwa gheto karibu na shule: godoro chini, ndoo, jiko la mkaa, mlango wa bati unaofungwa kwa waya. Unga ukiisha kabla ya mwisho wa mwezi, dereva wa bodaboda anayempa lifti na hela ya chipsi hafanani na adui hata kidogo. Kumwambia binti huyo "jitunze" ni kumwacha mikono mitupu. Anahitaji kuambiwa waziwazi kwamba zawadi anayoombwa asiitaje nyumbani ina deni ndani yake, na kwamba unga ukipungua atume salamu siku hiyohiyo bila kuogopa kugombezwa. Mvulana naye aambiwe hayo hayo, tunamsahau mno.

Mkoa huu unaijua safari. Karne ya 19 kijana wa Kinyamwezi aliyebeba pembe kwenda pwani hakuachwa ajifunze njia kwa kupotea. Alimfuata kirangozi, kiongozi wa msafara, aliyejua maji yalipo na hongo ya kupita inapolipwa, na usiku msafara ulilala pamoja. Siipambi njia ile, maana ilipitisha pia watumwa, wakiwamo watoto. Ninachochukua ni ile desturi ya mgeni wa njia kutembea na mwenyeji wake. Wa kidato cha kwanza waongozane na wa kidato cha tatu wa kijiji chao, kwa majina yanayojulikana kwa wazazi, na mwalimu mkuu awe na orodha ya nani amepanga wapi.

Wapo wanaohofu kwamba mazungumzo haya yatawafumbua watoto macho. Macho yao yamekwisha kuona. Kinachokosekana ni maneno ya kueleza walichokiona, na ukimya huo humlinda mkosaji. Wengine wanasema sheria ya 2016, inayomfunga miaka 30 anayempa mwanafunzi mimba, inatosha. Sheria huamka mtu anapotoa taarifa. Hoja nzito zaidi ni ile ya mabweni, nami naiunga mkono kwa moyo wote: yajengwe. Lakini Januari hufika kila mwaka, bweni liwe limeezekwa au halijaezekwa, na ndani ya bweni pia kuna mtu mzima mwenye funguo. Tena ni haki kuuliza kama tunamtwisha mtoto mzigo wa mkosaji. Ndiyo maana sentensi ya kwanza ya somo lenyewe iwe hii: likikupata, kosa si lako.

Na lifundishwe kwa Kiswahili, shule ya msingi, na mwalimu anayewajua, mzazi akiwepo. Januari lugha ya darasa inageuka kuwa Kiingereza, na mtoto anayetafuta hata neno la kuomba ruhusa ya kutoka nje hatapata la kusimulia aibu. Mtaala mpya unafanya elimu ya msingi iwe ya miaka sita, kwa hiyo watakaoingia njia hiyo watakuwa wadogo zaidi kwa mwaka mzima. Simu ya huduma kwa mtoto, 116, ni ya bure. Iandikwe ndani ya jalada la daftari lake la kwanza, na chini yake jina la mtu mzima mmoja ambaye mtoto amemchagua mwenyewe.