Bando limeisha, wimbo upo

KUTOKA KERENDE
Na Mwita Marwa

Kijana wa dada yangu amekuja likizo na gita kavu alilolinunua Sirari. Si gita baya. Ubao mwepesi, nyuzi sita, wa kwanza umeshakatika na mahali pake kaweka waya mmoja aliouchomoa kwenye kebo ya breki ya baiskeli. Siku ya tatu bando la simu likamwishia, na muziki nao ukaisha.

Kumbe alikuwa anajifunza kwa kutazama vidole vya mtu kwenye kioo cha simu: cha shahada weka hapa, cha pete pale, sasa hamisha. Vidole vilipotoweka akakwama katikati ya ubeti. Na wimbo wenyewe anaujua tangu mdogo, huuimba akichunga ng'ombe hadi mwisho bila kukosea.

"Mjomba, niungie bando la mia tano tu."

Nikamnyima. Kidogo ni ubahili, nakiri. Lakini zaidi nilitaka ajue kwamba wimbo anao tayari kichwani, na kazi iliyobaki ni kuutafutia mahali kwenye nyuzi.

Hapa Ukuryani wapiga litungu hawakujifunza kwa njia nyingine. Litungu ni chombo chenye nyuzi nane na mngurumo mzito unaousikia kifuani kabla ya masikioni, na hakuna mzee niliyemwona akifungua daftari kabla ya kulipiga. Unakaa pembeni, unasikiliza, unarudi nyumbani nao mdomoni, kesho unaomba uguse. Ukikosea, mzee hakwambii umekosea wapi. Anapiga tena, basi.

Jirani zetu Wajaluo wana nyatiti, nayo ya nyuzi nane, na hao ndio waliofanya jambo ambalo mkoani Mara tungelijivunia zaidi kama tungelikumbuka. Walipopata magita waliipeleka nyatiti humo kwa sikio tu: mwimbaji anamaliza mstari, gita la solo linamjibu noti kwa noti, kama nyatiti ilivyokuwa ikimjibu mpigaji wake. Hiyo ndiyo benga. Na mfalme wake, Daniel Owino Misiani, watu humdhania Mkenya kwa sababu jina alilipatia Kenya na akafia Kisumu kwa ajali ya gari mwaka 2006. Alizaliwa huku kwetu mwaka 1940, Shirati, kule ziwani, sehemu iliyokuwa wilaya moja na sisi Tarime mpaka Rorya ilipokatwa mwaka 2007. Bendi yake aliiita Shirati Jazz. Angeweza kutuita jina gani wazi kuliko hilo?

Tukivuka Ziwa Tanganyika twende Katanga, alikuwepo mpiga gita Jean Bosco Mwenda. Mwaka 1952 mrekodi wa muziki Hugh Tracey alimkuta Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, akamrekodi wimbo wa "Masanga". Bosco alikuwa akipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada tu, lakini ukiusikia kwa mara ya kwanza utaapa kuna watu wawili. Msomi mmoja, David Rycroft, alikaa akauandika upigaji wake kwa noti na kuuchapisha mwaka 1961 na 1962. Kazi kubwa, simbezi. Ila vijana wa Kenya waliokuwa wakimwiga Bosco miaka ya 1950 hawakuingoja karatasi hiyo. Walikuwa na santuri, na walikuwa na masikio.

Basi nikamchukua kijana hadi kwenye mashine ya kusaga. Mashine ina faida moja ambayo hatuifikirii tunaposubiri unga: inalia noti moja asubuhi hadi jioni. (Noti na kodi, hapa Kerende maneno yote mawili yanaleta mawazo mengine. Leo nazungumzia gita.) Nikamwambia aifuate kwa mdomo kwanza, mmmm, asiguse uzi. Alipoipata, ndipo aitafute kwenye gita. Akapapasa, akapita, akarudi. Uzi wa tano, freti ya tatu. Akatabasamu. Mara mama mmoja akamimina debe lake la mahindi, mashine ikaelemewa, sauti ikashuka kama freti moja hivi, na kijana akageuka kuitazama kabla hata sijamwonesha. Hapo nikajua sikio lipo.

Kisha nikamwambia aimbe wimbo wake na aniambie unakwenda kupumzika wapi, maana kila wimbo una nyumbani kwake. Ukishapajua, fuata besi peke yake, noti nzito za chini, uone ni lini inatoka nyumbani na lini inarudi. Nyingi ya zilipendwa na benga hazina safari ndefu: kodi tatu zinatosha. Nyumbani ikiwa C, basi ni C, F na G. Shida ni F, inayotaka kidole kimoja kilale juu ya nyuzi zote, na kidole cha miaka kumi na minne bado hakina nguvu hiyo. Tukafunga penseli kwa mpira wa manati kwenye freti ya tano, akapiga kwa mkao wa G, C na D, sauti ikatoka ileile ya mashine. Wimbo wa kwanza ulimchukua siku nne. Wa pili, jioni moja.

Wapo watakaosema naichukia simu. Hapana. Simu ina programu zinazopunguza mwendo wa wimbo hadi nusu bila kuubadilisha sauti, na hilo ni neema. Zamani ukiipiga santuri ya 45 kwa mwendo wa 33 ili uikamate solo, sauti ilishuka kama freti tano na mwimbaji akawa zee. Simu itumike hivyo, kwa sikio, kioo kikiwa kimelalia meza. Kinachonikera ni kijana mwenye nyimbo hamsini vidoleni asiyeweza kumfuata bibi yake akianza kuimba jikoni.

Maktaba sina, na kaseti zangu za Misiani zimeliwa na panya. Kama unazo zako, hata zilizokatika utepe, usizitupe. Niletee pale mashine ya kusaga, muulize yeyote. Na kama darini kwenu kuna litungu la babu limekosa nyuzi, lishushe uje nalo. Kijana yupo hadi shule zifunguliwe.