Eti Mdomo Huponza Kichwa?

Wasee, wiki hii nimejua jina langu la Kizungu. Mimi ni blateroon. Waingereza walilitumia miaka ya 1600, limetoka kwa Kilatini, na maana yake ni mtu wa kubwabwaja. Siku hizi hata Mwingereza mwenyewe ukimwita hivyo atakuuliza umesema nini. Nikacheka peke yangu, halafu nikaanza kuhesabu majina yote ambayo nimeshaitwa.

Shule ya msingi hapa Rangwe, nilikuwa kwa ile karatasi ya "noisemakers" kila wiki. Kama umesoma Kenya unaijua. Mwalimu akitoka, monita anaandika majina, ukiendelea kuongea unaongezewa x. Mwalimu akirudi, kiboko. Hakuna siku tuliulizwa tulikuwa tunasema nini. Kuna siku nilikuwa namwelezea mwenzangu hesabu. Bado nikachapwa. Kelele ni kelele.

Kiswahili nacho kina stoo nzima ya majina ya watu kama mimi: payo, domokaya, mropokaji, mpayukaji. Ya kutusifu ni ya kutafuta na tochi. Kuna mlumbi, lakini lini mara ya mwisho ulisikia mtu akiitwa mlumbi kwa stage ya boda?

Na bado sisi Wajaluo tuna pakruok. Nyatiti inalia, mtu anatoa pesa, muziki unasimama, anajisifu yeye na marafiki zake mpaka watu wanapiga makofi. Kwa hivyo si kweli kwamba wazee wetu walichukia watu wa maneno. Waliwatengea nafasi na wakawasikiliza.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Sasa ofisi yangu ni simu na huu mdomo. Mama haamini hii ni kazi. Kila nikiuliza kwa video pesa za basari zimeenda wapi, ananipigia: "Nyathina, mdomo huponza kichwa."

Zamani nilikuwa namcheka. Tangu Juni 2025 sicheki tena.

Albert Ojwang alikuwa mwalimu na bloga, mtu wa kaunti yetu ya Homa Bay. Juni 7 polisi walimchukua nyumbani kwao, juu ya chapisho la X lililomtaja naibu inspekta jenerali wa polisi. Wakampeleka mpaka Nairobi, Central. Juni 8 alikuwa amekufa. Polisi wakasema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha kitu kingine: majeraha ya kichwa, shingo iliyokabwa, na alama mwili mzima za mtu aliyepigwa. Alikuwa na miaka 31.

Sasa niambie, ni mdomo ulioponza hicho kichwa?

Hiyo methali inanikera siku hizi. Inamlaumu aliyeongea na kumruka aliyepiga. Mdomo hauna mikono. Kichwa cha Ojwang kiliumizwa na watu, na watu wana majina.

Sisemi kila mwenye bando aropoke anavyotaka. Uongo unaumiza. Mimi mwenyewe nishawahi kuposti udaku kuhusu jirani, ukageuka kuwa uongo mtupu. Nikaufuta, nikaenda kwao kuomba msamaha, na aibu yake bado naisikia. Nikikusingizia, nipeleke kortini. Hakimu ataniuliza nilisema nini na kama ni kweli. Hayo ndiyo maswali ambayo monita hakuwahi kuniuliza, na nadhani tatizo letu lilianzia hapo. Tulizoea mapema kwamba kosa ni kuongea, na anayeshika kiboko haulizwi kitu.

Mama ananiogopea, na sina neno la kumtuliza. Siwezi kumwambia haitatokea. Juzi nilimsomea hii kabla niiweke hapa. Akanyamaza sana, halafu akasema, "Basi hakikisha ni ukweli."

Nimehakikisha, Mama.

Na wewe unayesoma, siku mtu akikuambia mdomo huponza kichwa, usibishane naye. Muulize tu: ni mkono wa nani ulikipiga?