Kadiria Kwanza, Ndipo Ubonyeze

Jioni moja mjukuu wangu, aliye kidato cha tatu, aliniletea daftari lake la hisabati. Swali lilikuwa jepesi: kutoka mahali palipo mita 40 na shina la mnazi, kilele chake huonekana kwa pembe ya nyuzi 30, je, mnazi una urefu gani? Chini yake, kwa mwandiko safi na mstari uliopigwa kwa rula, alikuwa ameandika jibu: hasi mita 256.2.

Nikamwuliza kama ameliangalia jibu lake. Akasema, "Nimebonyeza mara mbili, babu. Kikokotoo kimetoa hiyo hiyo."

Ndugu wasomaji, jawabu hilo limenisumbua kuliko kosa lenyewe. Kosa ni dogo: kikokotoo kilikuwa kimewekwa kwenye radiani badala ya nyuzi, na herufi R ilionekana wazi juu ya kioo pale ilipotakiwa D. Mashine haikukosea, ilijibu swali jingine. Lakini kijana huyu amezaliwa Pwani na kukulia chini ya minazi. Macho yake yanajua mnazi ni kitu cha namna gani, na bado aliyanyamazisha macho yake mbele ya kioo.

Sisemi vikokotoo vitupwe. Mtihani wa KCSE wenyewe unaviruhusu katika hisabati, pamoja na majedwali. HP-35 ilipotoka Marekani mwaka 1972, kikokotoo cha kwanza cha mfukoni chenye sini na logi, ilianza kuwaondolea watu kazi ya kuchosha, nami niliyefunua majedwali ya logi hadi kurasa zikachakaa siitamani tena. Ila majedwali yalikuwa na fadhila moja. Yalikupa tarakimu tu. Mahali pa nukta ulijitafutia mwenyewe. Ukitafuta logi ya 3.7 au ya 370, jedwali lilikuonyesha namba zile zile, na kama hukujua ukubwa wa jambo unalolihesabu, umepotea. Tulilazimika kukadiria. Leo hakuna anayemlazimisha mtoto, basi ni juu yetu kumfundisha.

Na kukadiria si kubahatisha. Fundi wa nyumba hutazama ukuta wa mita nne kwa tatu, akasema matofali ya saruji mia moja na ishirini, kwa kuwa anajua mita moja ya mraba hula kama kumi. Hajabonyeza kitu. Mnazi wetu nao ungehesabika vivyo hivyo: pembe ingekuwa nyuzi 45, urefu ungelingana na ule umbali wa mita 40, nyuzi 30 ni pungufu, basi mnazi haufiki 40. Sekunde kumi, na hasi 256 ingekataliwa mlangoni. (Ningekuwa mwongo nikisema makadirio hushika kila kosa. Kikokotoo kikiwekwa kwenye G, yaani gradiani, hutoa mita 20.4, jibu linalofanana na kweli. Hapo dawa ni kuitazama herufi kabla ya kuanza.)

Kwa nini basi watoto hawaamini kadirio lao? Kwa sababu sisi tumewafunza kulionea haya. Tangu darasa la kwanza jibu la karibu hupigwa mkasi mwekundu sawa na jibu la upuuzi. Aliyeandika 25 na aliyeandika hasi 256 wote wamepata sifuri. Mtoto gani mwenye akili atathubutu kukisia?

Walimu wenzangu, tengeni alama moja, moja tu, kwa kadirio linaloandikwa kabla kikokotoo hakijaguswa, na msiliadhibu likipotoka kidogo. Nanyi wazazi, mkienda sokoni na mtoto, mwulizeni jumla itakaribia ngapi kabla muuzaji hajataja, kisha msubiri. Msimharakishe.

Nyumbani kwetu tumeanza. Wiki iliyopita nilifungua daftari lile tena. Pembeni mwa swali la mnazi, kwa penseli: "chini ya 40, labda 25." Chini, kwa wino: 23.1. Ukurasa uliofuata alikuwa amekadiria 60 na kikokotoo kikampa 6. Hakulifuta kadirio lake. Alikuwa ameinamia meza, kioo kimezimwa, akiifuata hesabu yake mstari kwa mstari kutafuta ni kipi kati ya viwili kilichokosea.