Pingu na Kura

Mwaka 1961 Wakenya walimpigia kura mtu asiyekuwamo hata kwenye karatasi. Jomo Kenyatta alikuwa bado kizuizini, baada ya kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu alichohukumiwa Kapenguria. Chama cha KANU kilinadi "Uhuru na Kenyatta", kikashinda. Mwanasiasa Kenneth Matiba naye aliwekwa kizuizini Julai 1990; miaka miwili baadaye akashika nafasi ya pili katika uchaguzi wa urais. Wapiga kura wale hawakukosea. Serikali ilikuwa ikiwafunga watu kwa maneno yao, na raia akazoea kuona pingu kama cheti cha ushujaa.

Heshima hiyo ndiyo inayokopwa leo na wanaotuhumiwa kula fedha za umma. Kenya nzima inaijua kamatakamata ya Ijumaa: mshukiwa anachukuliwa wikendi ikianza, analala korokoroni, Jumatatu anafikishwa katika mahakama ya Milimani, ambako wafuasi wameshafika na nyimbo zao. Akipata dhamana, anapanda juu ya gari na kuhutubia. Kuhusu zabuni anayotuhumiwa kwayo hasemi kitu. Anasema anaonewa, na watu wake wanaonewa pamoja naye.

Je, anadanganya? Hapo ndipo tunapokwama. Mwanasiasa Rigathi Gachagua alikamatwa Ijumaa, Julai 23, 2021, akashtakiwa kwa ufisadi wa zaidi ya shilingi bilioni 7, akakana. Agosti 2022 alichaguliwa Naibu Rais. Novemba mwaka huohuo upande wa mashtaka ukaiondoa kesi, na mpelelezi wake akadai kwa kiapo kwamba alishinikizwa kupendekeza mashtaka. Ama mtu alisingiziwa kwa sababu za kisiasa, ama kesi ilizimwa kwa sababu hizohizo. Hakuna hakimu aliyetwambia ni lipi, na kura zilikuwa zimeshapigwa.

Kifungu cha 99 cha Katiba hakimzuii mgombea aliyepatikana na hatia hadi rufaa zote ziishe. Ni haki, na tunaiunga mkono. Lakini ulinzi huo, kesi zikiburutwa miaka nenda miaka rudi, unamwachia mpiga kura kazi ya hakimu bila kumpa jalada.

Kwa hiyo hatumlaumu mwananchi anayemshangilia mshtakiwa. Tunawadai waendesha mashtaka na mahakama: kesi ya mwenye nia ya kugombea isikilizwe mfululizo, iamuliwe kabla tume ya uchaguzi, IEBC, haijapokea karatasi za uteuzi. Asiye na hatia anaihitaji hukumu hiyo kuliko mtu yeyote.