USIMWAMBIE AMECHELEWA: NAFASI YA CHUO CHA UUGUZI NI HAKI, SI FADHILA

Vijana wetu wa Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu, Chuka na Meru.

Leo naongea na wewe mwenye miaka 27, 30, hata 34. Ulimaliza digrii yako ya biashara, ya ualimu au ya kompyuta. Ukazunguka na bahasha ya kaki ofisi hadi ofisi mpaka soli ikaisha. Sasa uko kwenye duka la mjomba, unauza makava ya simu na kuhudumia watu wa Mpesa. Usiku, nyumba yote ikilala, unafungua simu kusoma masharti ya kuingia chuo cha uuguzi. Hujamwambia mtu. Unajua ukifungua mdomo tu utaambiwa, "Wewe na umri huo? Tena unesi?"

Mimi nasema: omba. Na usiombe kama mtu anayeomba msaada. Omba kama mwananchi anayedai chake, tena ukiwa na karatasi mkononi.

Lakini kabla hatujawageukia wenye vyuo, tujiangalie sisi kwanza, manake unafiki huanzia nyumbani.

Wake zetu na dada zetu wakienda kujifungua, sisi ndio wa kwanza kusimama mlangoni pa wodi. "Tafadhali, tunaomba nesi wa kike. Akipatikana Mwislamu, afadhali zaidi." Ni ombi la heshima, sina neno nalo. Swali langu ni hili: huyo nesi atoke wapi? Yule binti wa Majengo aliyefaulu Baiolojia, akasema anataka kusomea uuguzi, tulimjibu nini? Tulimwambia atalala nje zamu za usiku. Tulimwambia atawashika wanaume wasio mahram wake. Tulimwambia hataolewa. Akaenda kusomea kitu ambacho hakukipenda, na leo digrii yake iko kabatini. Halafu tunafika wodini tunalalamika kwamba hakuna wa kwetu. Si tulimfukuza sisi wenyewe?

Na wewe kaka, usicheke. Ukitaja unesi unaambiwa ni kazi ya wanawake. Haya, baba yako akilazwa, awe ni wa kuoshwa na kugeuzwa kitandani, atapenda ashikwe na nani? Na kama dini ndiyo kisingizio, kamsome Rufaida al-Aslamiyya. Alikuwa na hema lake la kutibu majeruhi pale msikitini Madina, zama za Mtume (S.A.W.), na Sa'd bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, kwake ndiko alikopelekwa. Sasa wewe unayesema kazi hii inamshusha heshima mwanamke wa Kiislamu, umemzidi nani kwa heshima?

Tuje kwenye mlango wenyewe.

Uingereza, mtu mwenye digrii ya fani nyingine anaweza kusomea uuguzi kwa miaka 2. Marekani kuna programu za haraka za miezi 12 hadi 18 kwa watu kama wewe. Ushindani ni mkali, lakini digrii yako ya kwanza inahesabiwa. Hapa kwetu njia ya kawaida inaanzia KCSE, uwe na digrii au usiwe nayo. Kwa diploma unatakiwa uwe na wastani wa C, na ndani yake C ya Baiolojia na C ya Kiingereza au Kiswahili, pamoja na alama inayokubalika katika sayansi nyingine au Hisabati. Kwa shahada, wastani unapanda hadi C+, na sayansi zinaangaliwa kwa ukali zaidi. Diploma ni miaka 3. Shahada ni miaka 4, kisha mwaka wa mafunzo ya kazini. Na hakuna leseni mpaka upite mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya.

Yaani alama uliyopata ukiwa na miaka 18, labda mwaka ule ule mzee alipofariki, au kwenye shule ambayo maabara yake ilikuwa jina tu, ndiyo inayokuhukumu ukiwa na miaka 30. Miaka yako ya chuo kikuu na watu wote uliowahudumia kazini havina uzito. Hilo si haki, na lazima lisemwe. Hakuna anayebisha kwamba sayansi inahitajika. Hatutaki nesi asiyejua kupiga hesabu ya dawa. Lakini kuna njia ya kulipima hilo: mpe mtu kozi ya kujiandaa, mpe mtihani wa kuingilia, umpime kwa anachokijua leo. Vyuo vikuu vyenye shahada ya uuguzi viko hapa hapa mlimani: Dedan Kimathi pale Nyeri, Chuka, na KeMU kule Meru. Hao ndio wa kuandikiwa, pamoja na Baraza la Wauguzi lenyewe. Watu 200 wenye digrii wakiandika barua moja ya adabu, wakaitia sahihi, itasomwa. Kulalamika kwenye statasi hakusomwi na mtu.

Ila mpaka masharti yabadilike, usikae ukingoja. Kitoe cheti chako cha KCSE leo ukitazame upya. Wengi wetu tumejikataa wenyewe kabla ya kukataliwa na mtu. Unasikia "wanataka C+", unafunga simu, kumbe C yako inatosha kwa diploma. Ukimaliza diploma ukasajiliwa, mlango wa shahada unafunguka tena. Aga Khan pale Nairobi, kwa mfano, ina shahada kwa wauguzi ambao tayari wako kazini. Na kama Baiolojia ndiyo iliyokuangusha, KCSE inaweza kurudiwa na mtahiniwa wa kibinafsi. Waulize KNEC masharti mapema, mwanzoni mwa mwaka. Kumbuka darasa la mwisho la 8-4-4 linafanya KCSE mwaka 2027. Usiseme "mwakani inshallah" kama mtu mwenye muda wa kuchezea.

Na jihadhari na dalali. Unamjua, yuko kila mji, anajua mtu anayejua mtu. "Nipe kitu kidogo nikushikie nafasi KMTC." Maombi ya KMTC yanapitia KUCCPS, mtandaoni, hayapiti mfukoni mwa mtu. Na chuo cha binafsi, hata kiwe na bango kubwa namna gani, usikilipe shilingi kabla hujahakikisha kimeidhinishwa na Baraza la Wauguzi. Ukisomea chuo kisichotambuliwa, utamaliza miaka mitatu na mtihani wa leseni hutaruhusiwa kuufanya. Kwamba rushwa ni haramu unajua. Ongeza na hili: unamlipa mtu akuuzie haki yako mwenyewe, na wala hana uwezo wa kuiuza.

Sasa vazi, manake najua dada zangu mnalingoja hili.

Vyuo vingi vya zamani vya uuguzi huku vilianzishwa na makanisa. Tumutumu na Chogoria ni vya Presbyterian, Mathari na Nkubu ni vya Consolata, Maua ni cha Methodist. Tuseme ukweli bila wivu: wenzetu walijenga hospitali, kisha wakajenga chuo kando yake. Watu wetu wametibiwa humo na wanatibiwa mpaka leo. Wanastahili shukrani. Lakini shukrani haifuti haki. Katiba ya 2010, Ibara ya 32(3), inakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi, kazi au huduma kwa sababu ya imani au dini yake.

Kwa hivyo, kabla hujalipa ada ya maombi, andika barua pepe kwa msajili: "Mimi huvaa hijabu. Kanuni zenu za sare zinasemaje, darasani na wodini?" Taka jibu la maandishi. Usichukue jibu la mlinzi wa geti, liwe tamu au chungu. Ukinyimwa haki yako, Ibara ya 47 inakuruhusu kudai sababu kwa maandishi. Ukitaka taarifa kutoka ofisi ya umma, sheria ya 2016 ya upatikanaji wa habari inawapa siku 21 wakujibu. Hifadhi kila ujumbe na kila risiti. Na uwe mkweli wa nafsi yako: si kila kukataliwa ni ubaguzi. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Karatasi ndiyo itakayokuonyesha tofauti.

Tena usafi wa wodi usiuite chuki. Ukiambiwa mikono iwe wazi mpaka kiwikoni ili unawe vizuri, anayelindwa ni mgonjwa. Uingereza walilizungumza hilo, na mwongozo wa wizara yao ya afya wa mwaka 2010 ukaruhusu vifuniko vya mikono vya kuvaa mara moja na kutupa, kwa wanaotaka kujisitiri. Watu wakikaa mezani, njia inapatikana.

Unauliza kwa nini nakazania karatasi? Kumbuka Isiolo. Kesi ya shule ya St Paul's Kiwanjani ilipanda mpaka juu kabisa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikawapa wasichana haki ya kuvaa hijabu. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaubatilisha uamuzi huo. Watu wakasambaza kwamba hijabu imepigwa marufuku Kenya nzima. Sivyo. Majaji walio wengi walisema dai lile halikuletwa kortini kwa utaratibu unaofaa, kwa hivyo swali lenyewe la hijabu hawakuliamua. Miaka yote ile ya mapambano, na tulichoangukia ni utaratibu. Anayedharau utaratibu anampa mpinzani wake ushindi wa bure.

Limebaki la karo, na hapa sitamung'unya maneno.

Uuguzi hausomewi ukisimamia duka. Kuna darasa, kuna wodi, kuna zamu za usiku. Mtu wa miaka 30 akiingia, anaacha kipato miaka mitatu, na huenda ana mtoto na mama wa kulisha. HELB ipo, basari za kaunti zipo, omba zote mapema. Lakini misikiti yetu iko wapi? Tunachanga zulia jipya na lile la zamani bado zima. Tunachanga spika zisikike mpaka mtaa wa pili. Kisha mtu anakuja ofisini kwa kamati na barua yake ya kuitwa chuoni, anaambiwa, "Tutakuombea dua." Dua njema, mzee wangu, lakini chuo hakipokei dua kwa mhasibu. Kama kila kamati ya msikiti, Nyeri mpaka Meru, ingemshika mkono mwanafunzi mmoja tu wa uuguzi, na iandikiane naye kwamba akihitimu atamsaidia mwingine, ndani ya miaka kumi tusingekuwa na haja ya kuombaomba mlangoni pa wodi.

Nasikia wengine: "Hata manesi hawana kazi." Kweli, kuna waliohitimu wako nyumbani. Mwaka 2017 wauguzi wa kaunti waligoma miezi mitano. Waliochukuliwa kwa mkataba chini ya mpango wa afya kwa wote mwaka 2020 walihangaika miaka wakidai ajira ya kudumu. Sikufichi. Lakini linganisha na ulipo sasa. Leseni ya uuguzi ni ujuzi unaotembea nao: kaunti, hospitali za binafsi, hata nje. Kenya na Uingereza zilitia sahihi makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya Julai 2021. Digrii iliyo kabatini haikupeleki popote. Na mgonjwa hamalizi kuwepo.

Basi wiki hii fanya mambo matatu. Kitazame upya cheti chako cha KCSE, uandike mahali alama za Baiolojia, lugha na Hisabati. Chagua vyuo viwili vilivyoidhinishwa na uwaandikie maswali yako. Na baada ya swala ya Ijumaa, muulize mwenyekiti wa kamati, kwa heshima, mbele ya watu: "Mzee, tuna mpango gani wa karo kwa wanaosomea uuguzi?"

Wewe ambaye hili halikuhusu, unaye mmoja nyumbani linalomhusu. Ni dada yako, au mke wako, au yule kijana wa dukani. Mtumie haya maneno. Na akikwambia anataka kuanza upya, ulimi wako usitamke neno "umechelewa". Muulize tu, "Fomu inafungwa lini?"

Wabillahi tawfiq.