Kumbukumbu za Wananchi Zisitegemee Diski Moja

Mama wa Buna, Kaunti ya Wajir, anayepokea fedha za HSNP, mpango wa kukinga kaya dhidi ya njaa, hutia kidole kwenye mashine ya wakala na kungoja. Katika sekunde hizo, kompyuta iliyo mbali naye lazima ipunguze salio lake na kuthibitisha kwamba amelipwa. Umeme ukikatika kati ya hatua hizo mbili, haki yake imo mikononi mwa daftari la mabadiliko.

Daftari hilo si anasa. Seva huandika kwanza kile inachokusudia kubadilisha, ndipo ibadilishe rekodi yenyewe. Ikiwaka tena, husoma daftari, ikakamilisha au ikafuta kazi iliyoachwa nusu. Kompyuta za AS/400 ambazo IBM ilizitoa mwaka 1988 zilijengwa na uwezo huo. Lakini mashine hizo pia husambaza data juu ya diski zote za kundi moja: diski moja isiyokingwa ikifa, kundi zima hulazimika kurejeshwa kutoka kwenye nakala. Ndiyo maana mafundi wazoefu huweka diski pacha, na daftari hulitengea diski zake peke yake.

Huku kwetu Kaskazini Mashariki mwa Kenya kinga hiyo inahitajika zaidi kuliko Nairobi. Wajir na Mandera zimetegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi. Joto ni kali na vumbi huingia kila tundu. Novemba 2023 mafuriko ya El Niño yalikata barabara ya Garissa na Madogo. Diski ya kubadilisha ingefikaje? Na ukiwa na diski pacha moja tu, ya kwanza ikifa na ya pili ikaifuata kabla ya fundi kufika, kumbukumbu zimekwenda.

Wapo maafisa wanaodhani diski pacha zinatosha. Hazitoshi. Karani akifuta orodha kwa bahati mbaya, pacha nayo hufuta papo hapo. Nakala rudufu lazima iwe nje ya jengo lenye seva, na ikiwezekana nje ya mji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu awe na uwezo wa kuzirejesha kwa wakati baada ya ajali. Uwezo huo hauthibitishwi kwa risiti ya kununulia mashine.

Tunazitaka serikali za kaunti za Wajir, Garissa na Mandera, pamoja na kila taasisi inayoshika orodha za msaada, za wagonjwa na za mishahara, zirejeshe nakala zao kwenye mashine tupu, mchana, mbele ya mkaguzi. Jaribio hilo lifanyike kabla ya mvua za Oktoba, na matokeo yasomwe katika bunge la kaunti.